Miaka ya Kitini

Jaji Khavetsa alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akafumba macho. Wakesho Mwadime alikwisha kuhudhuria kesi hii mara nyingi kiasi cha kuijua vizuri ishara hiyo. Maana yake ilikuwa kwamba kuna wakili ameuliza tena maana ya neno.

"Wakili Omambia," jaji alisema, macho bado yamefumbwa. "Neno 'miaka' tulilimaliza?"

"Tulilimaliza, Mheshimiwa Jaji. Mahakama ilifuata kesi ya wafungwa wa kitini. Ikiwa mfungwa analazwa kitini wiki chache tu, akili yake ikaishi gerezani miaka kumi, na akahesabiwa kuwa amemaliza kifungo cha miaka kumi, basi na mwalimu akilazwa kitini, miaka aliyoiishi huko ni miaka. Upande wetu haukufurahi, lakini tulinyamaza."

"Na neno 'chuo'?"

"Hilo nalo tulilimaliza. Kabla ya sikukuu."

"Leo basi ni neno gani?"

Omambia, wakili wa aliyemshtaki Wakesho, mtu mrefu mwenye sauti ya upole isiyochoka, alifungua kishikwambi chake. "'Wanafunzi', Mheshimiwa."

Mabenchini watu waliguna. Wakesho hakuguna. Aliangalia dari, akahesabu feni zilizokufa, akajizuia kusema neno ambalo halisemwi mahakamani.

Sheria yenyewe ilikuwa sentensi moja. Mkuu wa chuo cha umma atakuwa mtu mwenye shahada ya uzamivu, aliyefundisha wanafunzi chuoni kwa muda usiopungua miaka kumi. Walioiandika walikuwa wamekufa zamani, kabla viti havijabuniwa, na hawakuacha maelezo.

Shahada Wakesho alikuwa nayo, na hakuna aliyeipinga. Ubishi ulikuwa juu ya miaka. Wakati walimu wa vyuo walipoihama nchi kufuata mishahara ya ng'ambo, serikali ilinunua viti ili kupata walimu wapya haraka. Mwalimu mchanga alilala katika chumba kilichoitwa Darasa la Ndani, akavalishwa kofia ya nyaya, na wiki moja ya huku ikawa mwaka mzima wa huko. Huko alikuta darasa zima lililotungwa na mashine: vijana wasiojua kitu, wanaouliza, wanaochelewa, wanaokosea, na ambao mwishowe huelewa. Mwalimu alipoamka alikuwa na uzoefu, na darasa lake likafutwa ili lingine litungwe. Watu waliwaita wale vijana vivuli. Wakesho alikuwa amefundisha vivuli kwa miaka kumi na miwili.

Bodi ilipomteua kuwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi wa Viungo Bandia, Voi, mwalimu mwenzake Elphas Righa alikwenda mahakamani kuupinga uteuzi. Tangu siku hiyo Wakesho alikuwa kaimu. Kaimu angeweza kununua chaki, kuongoza vikao na kukemea wapishi. Kutia saini vyeti hakuweza. Wahitimu walikuwa wanamaliza masomo, wanapiga picha, wanarudi makwao mikono mitupu.

Jaji alifumbua macho. "Kesho asubuhi Bi. Mwadime atapanda kizimbani yeye mwenyewe. Nina swali moja tu: wale vivuli walikuwa wanafunzi, au hawakuwa? Sitaki mtaalamu wa mashine. Sitaki profesa wa falsafa. Na mtu yeyote akiniletea kamusi nitamtoza faini. Nitatoa uamuzi kesho hiyohiyo."

"Kesho hiyohiyo, Mheshimiwa?" Omambia alishtuka.

"Kesho hiyohiyo, Wakili. Nimechoka."

*

Mkawasi alikuwa akimsubiri Wakesho na wakili wake nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Alikuwa mmoja wa wahitimu, fundi wa figo bandia, na gauni lake lilikuwa limekunjamana kama la mtu aliyelala nalo.

"Mwalimu, nimetoka rumande ya Taveta," alisema.

"Rumande? Umefanya nini?"

"Nimemtibu mtu. Mzee mmoja, figo yake ilikuwa imeziba. Hospitali ya karibu haina fundi. Nikaifungua, nikaisafisha, nikairudisha. Jioni mzee anakula ugali. Asubuhi polisi mlangoni. Leseni iko wapi? Sina. Kwa nini huna? Kwa sababu sina cheti. Kwa nini huna cheti? Kwa sababu chuo hakina mkuu." Mkawasi alicheka bila furaha. "Wakaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema Mwalimu Righa. Wakampigia simu. Akawaambia ndiyo, ni wangu, ni fundi mzuri sana. Wakasema asante, wakanilaza ndani."

"Mwalimu Righa huyuhuyu?"

"Huyuhuyu, Mwalimu. Anayekushtaki."

Wakili wa Wakesho, Kadzo, alimshika Wakesho kiwiko na kumvuta pembeni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi wa maneno, na aliiendesha kesi hii huku akilea mapacha, kwa hiyo hakuwa na subira iliyobaki kwa mtu yeyote.

"Umemsikia binti? Basi kesho usinifanyie hotuba. Nitakuuliza kama walikuwa wanafunzi. Utasema ndiyo. Walisoma? Ndiyo. Walifanya mtihani? Ndiyo. Ushuke, ukae."

"Na nikiulizwa wako wapi sasa?"

Kadzo alisita. "Hutaulizwa. Omambia anasema hawakuwepo. Hawezi kuuliza waliko watu ambao hawakuwepo."

"Lakini Kadzo, kama walikuwa wanafunzi kweli, basi kila chuo cha umma kinafuta wanafunzi kila muhula."

"Ndiyo maana hutalisema hilo." Kadzo alishusha sauti. "Sikiliza. Ukilisema, jaji ataona kesi imekuwa kubwa kuliko yeye. Ataipeleka Nairobi mbele ya majaji watano. Unajua majaji watano wanachukua muda gani kukubaliana hata siku ya kukutana? Huyo binti atazeeka bila cheti. Na usijidanganye kwamba ukishinda utauzuia huo ufutaji mwenyewe. Righa atakata rufaa, watapata amri ya kusimamisha uamuzi, na jioni utakuwa kaimu tena. Chukua ushindi, utie saini vyeti utakavyowahi. Mengine baadaye."

Wakesho alimkuta Righa kwenye kibanda cha chai kando ya lango la mahakama, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi zote tangu kesi ianze. Ndiye aliyemfundisha Wakesho mwenyewe, zamani, kutofautisha utando mzima wa figo bandia na uliochanika kwa kuugusa tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Kaa."

"Mkawasi alilala rumande."

"Najua. Unadhani nililala mimi?" Righa aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Yule nimemshika mikono yote miwili mpaka ikaacha kutetemeka. Wote wale ni wanafunzi wangu."

"Basi iondoe kesi."

"Niiondoe, halafu iwe nini? Wakesho, kuna vyuo havina tena mwalimu hata mmoja aliyewahi kumwona mwanafunzi akilia. Wote wametoka kitini. Bodi zinawapenda kwa sababu wanatengenezwa haraka na hawana chama cha walimu. Miaka yako ikihesabiwa, sisi tuliosimama mbele ya watoto wa watu hatutaajiriwa tena. Wewe ni mwalimu mzuri, nakujua. Sikupingi wewe. Napinga kile kiti. Ulifundisha mashine iliyojifanya haijui, kisha ikajifanya inajua."

Wakesho alimlipia chai, akaaga. Katika siku zake mbaya, alikuwa amewahi kufikiri hivyohivyo.

*

Darasa la Ndani lilikuwa chini ya jengo la utawala, ngazi fupi kuteremka, mahali pekee chuoni penye ubaridi wa kweli. Mwakio, fundi wa mitambo, alikuwa anakunja nyaya.

"Umefika wakati mzuri, Mwalimu. Yule mwalimu mgeni amemaliza asubuhi, ameshaenda zake Wundanyi. Weka kidole hapa nilifute darasa lake."

Alimnyooshea kibao cha kioo. Wakesho alikiangalia. Cheti cha binadamu hakuruhusiwa kukigusa. Hiki, kaimu aliruhusiwa, na kwa mara ya kwanza aliyasoma maneno yaliyoandikwa juu ya alama ya kidole: Futa darasa. Kitendo hakirudishwi.

"Bado wamo?" aliuliza.

"Wamo. Wanazunguka tu."

"Niingize. Dakika moja."

"Dakika moja ni karibu saa nzima huko."

"Najua, Mwakio. Nimeishi huko."

Alilala kitini. Kofia ilikuwa na joto la kichwa cha mtu mwingine. Kisha akawa amesimama mlangoni mwa darasa analolijua: madawati yaleyale, dirisha lilelile linalotazama mlima Sagalla, ila vioo vya huko havikuwahi kushika vumbi. Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele. Walipomwona wakanyamaza.

"Wewe ni mkaguzi?" aliuliza kijana mmoja aliyekaa mbele. Mashine ilikuwa imempa jina la Kitaita, Zighe, na uso wenye chunusi.

"Ni mkuu wa chuo." Alichoka kueleza tofauti ya mkuu na kaimu. "Au niko karibu kuwa."

"Basi wewe ndiwe ninayekutafuta." Kijana aliinuka na karatasi ya mtihani. "Mwalimu amenifelisha kwa alama moja. Moja! Nimemwambia asome jibu langu tena, akasema mwongozo ndio mwongozo. Kisha akaondoka. Mtu anaondokaje kabla rufaa haijasikilizwa?"

Wenzake walicheka. Mmoja akasema, "Zighe, wacha," kwa sauti ya mtu aliyelisikia jambo hilo wiki nzima.

Wakesho aliichukua karatasi kwa sababu ilikuwa imenyooshwa, na mwalimu akinyooshewa karatasi huichukua. Swali lilikuwa juu ya figo bandia ambayo nguvu yake imeshuka ghafla. Mwongozo ulitaka jibu kwamba utando umechanika. Zighe alikuwa ameandika kwamba utando ni mzima ila umevalishwa kinyume, na akaeleza namna ya kupima. Wakesho alisoma mara mbili. Kosa hilo alikuwa ameliona kwa macho yake katika hospitali ya Mwatate, akiwa amekwisha kuwa mwalimu. Halikuwa ndani ya kitabu chochote. Hata yeye hakuwahi kulifundisha.

"Nani alikuambia hili?"

"Hakuna. Nilifikiri tu. Maji yakipungua bila damu kuonekana, kitachanika nini?"

Alitafuta kalamu, akafuta alama ya mwalimu, akaandika nyingine. "Umepita."

Zighe aliiangalia karatasi. Wakesho alitarajia shukrani.

"Na swali la nne?" Zighe aliuliza.

"Swali la nne umekosea."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Zighe akabisha. Msichana wa nyuma akaingilia kumtetea, kisha akageuka kumpinga. Wakesho alichukua chaki, akachora pampu, akauliza msukumo unatoka wapi, na darasa zima likawa linasema pamoja, na yeye akanyanyua mkono kuwanyamazisha, akasema, "Sikilizeni, tofauti ni kwamba—"

Dari ya Darasa la Ndani ilikuwa juu yake. Mkono wake bado ulikuwa hewani.

"Wakoje?" Mwakio aliuliza.

"Wabishi."

Fundi alicheka, akamnyooshea tena kibao. Wakesho aliirudisha mikono yake kifuani kama mtu anayeogopa moto.

"Siweki kidole."

"Mwalimu, kuna mwingine anakuja keshokutwa. Mashine haina nafasi ya madarasa mawili."

"Nisipoweka?"

"Inasubiri mpaka kesho jioni, kisha inafuta yenyewe. Anayeweza kuizuia ni mkuu wa chuo." Mwakio alikuna shingo, akaona aibu. "Mkuu kamili."

"Isimamishe basi, walale humo mpaka tuelewane."

"Hawalali. Hawa wanadumu kwa kwenda. Ukiwasimamisha umewafuta."

Wakesho alikaa pale ukingoni mwa kiti muda mrefu, viatu vyake vikiwa havigusi sakafu. Aliwafikiria wa kwake, wa miaka kumi na miwili. Alikumbuka majina mengi kuliko alivyotaka.

*

Asubuhi mahakama ilijaa. Wahitimu walikuwa wamekuja kwa wingi, Mkawasi katikati yao, safari hii gauni limepigwa pasi.

Kadzo aliuliza maswali yake mbiombio. Walikuwa wanafunzi? Ndiyo. Walisoma? Ndiyo. Walifanya mitihani? Ndiyo, na wengine walifeli. Kadzo akakaa.

Omambia aliinuka taratibu. "Bi. Mwadime, hao wanafunzi wako, walikuwa na kitambulisho?"

"Hapana."

"Wazazi?"

"Hapana."

"Mmoja wao alipofeli, kuna mtu yeyote katika jamhuri hii aliyepata hasara?"

"Yeye mwenyewe."

Omambia alitabasamu kwa huruma. "Yeye nani? Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

"Unaweza kushuka," jaji alisema.

Wakesho alishika mbao za kizimba. Alimwona Kadzo akimkodolea macho. Alimwona Mkawasi akitabasamu, kwani binti alidhani mambo yamekwisha. Ilikuwa rahisi sana kushuka. Ngazi zilikuwa tatu tu.

"Mheshimiwa, sijamaliza. Mahakama haijaniuliza wako wapi."

Kadzo alikwisha kusimama. "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu amemaliza."

"Sijamaliza," Wakesho alisema. "Nimeapa hapa kwamba walikuwa wanafunzi. Siwezi kula kiapo hicho nikapewa kiti cha ofisi, halafu nikashuka nikiacha hili. Wanafunzi wangu walifutwa siku niliyoamka. Kila chuo cha umma kinafanya hivyo. Tunawafundisha, wakielewa tunawafuta. Mimi mwenyewe nimeweka kidole mara nyingi. Na kuna darasa moja katika chuo changu litafutwa jioni ya leo. Lina kijana aliyefelishwa kwa jibu sahihi. Mwongozo wetu ulikosea, yeye hakukosea. Mpaka sasa tunabishana juu ya swali la nne."

Watu walicheka. Jaji Khavetsa hakucheka. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Bi. Mwadime, unajua unachokifanya? Jambo hili naweza kuliona kubwa kuliko uwezo wangu. Nikiliona hivyo, litakwenda Nairobi, na hao vijana wako waliojaa hapa watasubiri miaka mingine."

"Najua, Mheshimiwa. Niliambiwa."

"Na ukishinda kwa hoja hii, mtu anaweza kukuuliza juu ya hivyo vidole."

"Najua."

Wakesho hakuweza kutazama mabenchi. Alisikia tu mtu mmoja akisonya, kwa sauti ndefu na ya uchungu, na akaitambua sauti ya Mkawasi.

Jaji aliahirisha mpaka saa nane. Nje, Kadzo alimpa chupa ya maji, akaenda kupigia simu nyumbani kwa mapacha wake.

Saa nane, Jaji Khavetsa alisoma uamuzi ulioingia kwenye ukurasa mmoja.

"Nimeombwa nifafanue neno 'wanafunzi'. Nimelifikiri nikila chakula ambacho sikukisikia ladha. Anayebishana na mwalimu juu ya alama, kwa hoja iliyo sahihi ambayo hakufundishwa, huyo ni mwanafunzi. Sijasema ni mtu. Sikuulizwa. Kwa hiyo miaka ya Bi. Mwadime inahesabika, na uteuzi wake ni halali. Na kwa kuwa ni wanafunzi, hakuna chuo cha umma kitakachofuta darasa kuanzia saa hii mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo. Ningeweza kuwapelekea majaji watano. Wangeniuliza maana ya neno 'kufuta'. Kama sheria ina kasoro, Bunge lipo, na lina viyoyozi." Alivaa miwani. "Tumemaliza."

Kelele zilizofuata zilizima kila kitu. Omambia alikuwa amekwisha kutoka na simu sikioni, akiomba amri kutoka mahakama ya rufaa. Kadzo alimsukuma Wakesho mgongoni kwa mikono yote miwili.

"Kimbia! Amri ya kusimamisha haikufungi mpaka ikabidhiwe mkononi mwako. Kimbia ukatie saini!"

*

Vyeti vilikuwa katika masanduku ya bati ofisini, vimechapwa siku nyingi, vinangoja jina moja tu chini. Wahitimu walijipanga kuanzia mlangoni mpaka kwenye uwanja wa bendera. Wakesho alitia saini. Alimaliza kalamu ya kwanza, akaazima ya pili. Kila mmoja alisoma jina lake kwanza, akalisoma tena, akaondoka akikipepea cheti wino ukauke.

Mkawasi alipofika mbele ya meza aliinamisha kichwa.

"Nilikusonya, Mwalimu."

"Nilisikia."

"Nilidhani umetuuza kwa ajili ya mashine."

"Na mimi nilidhani hivyo kidogo," Wakesho alisema, akamkabidhi cheti chake. "Nenda Taveta, uwaoneshe polisi."

Katikati ya foleni, Righa aliingia. Hakupanga mstari. Alipita moja kwa moja, akavuta kiti, akakaa karibu na dirisha akiwa na bahasha ya rangi ya maziwa mapajani. Kila mmoja alijua ndani yake mna nini.

Wakesho alisimamisha kalamu. "Mwalimu."

"Nimekuja na amri," Righa alisema. "Kama mlalamishi, ni juu yangu kuikabidhi. Bado sijaikabidhi. Nimepumzika kwanza. Ngazi zenu hizi zinanimaliza." Aligeuza uso kuelekea dirishani. "Unangoja nini? Andika."

Akaandika. Righa alikaa pale alasiri nzima, bahasha mapajani, na kila jina lilipoitwa alitikisa kichwa kidogo, mara nyingine akasema, "Huyu alikuwa mvivu," au "Huyu ana mkono," kana kwamba anajisemea mwenyewe. Simu yake ililia tena na tena. Aliiangalia, akaona jina la Omambia, akairudisha mfukoni.

Cheti cha mwisho kilipotoka mlangoni, jua lilikuwa limeshaegemea Sagalla. Righa aliinuka, akainyoosha bahasha kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Sasa nakukabidhi. Inasimamisha uteuzi wako, madarasa haiyagusi."

"Nimepokea." Wakesho aliiweka juu ya meza bila kuifungua. Alikuwa kaimu tena. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Mwakio alikuja mbio kutoka chini, akasita alipomwona Righa, kisha akasema tu. "Mwalimu, amri ya jaji inasema tusiwafute. Sawa, hawajafutwa; uliizuia mashine mchana ukiwa mkuu kamili. Lakini haisemi tuwafanyeje. Yule mwalimu wao aliondoka jana asubuhi. Huko kwao ni zaidi ya miezi miwili."

"Wanafanya nini?"

"Wanakuja darasani kila asubuhi. Wanakaa. Mchana wanaondoka. Kesho yake wanakuja tena."

Wakesho alijishika kichwa. "Siwezi kuingia. Wapelelezi wamenipigia. Wanataka nikaandikishe maelezo juu ya madarasa yaliyofutwa, nisafiri sasa hivi, kesho asubuhi niwe mbele yao. Tafuta mwalimu mwingine wa kitini."

"Wote wamekataa. Wanaogopa kesi."

Righa alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka, na uso wake ulikuwa ule wa mtu aliyekuta jiko linawaka na hakuna aliyeweka sufuria.

"Miezi miwili?" alisema. "Miezi miwili watoto wanakaa darasani bila mwalimu, na hakuna hata mtu mmoja katika chuo hiki kizima aliyekwenda kuwaandikia kitu ubaoni? Hii ndiyo kazi yenu? Kesi, kesi, kesi, na darasa liko wazi!"

Righa alimwangalia Wakesho, akaangalia bahasha juu ya meza, akapumua kwa nguvu kupitia puani. Kisha akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Rufaa yangu iko palepale," alisema.

"Najua, Mwalimu."

"Wala sijakubali kitu chochote."

"Hujakubali."

Alianza kuteremka ngazi, taratibu kwa sababu ya magoti, Mwakio akimtangulia kuwasha taa. Wakesho alimsikia akisimama katikati, na sauti yake ikapanda kutoka chini, kali kama zamani.

"We Mwakio! Wamefika wapi kwenye silabasi?"